Fundi Aliyeizunguka Dutwa

Watu wengine wa Bariadi hushuka kwenye baiskeli wakifika mlimani. Fundi alishuka kwenye mteremko. Mlimani alikomaa na pedali huku anahema na shati limemganda mgongoni, lakini akifika juu, pale ambapo mtu mwenye akili zake angeachia na kuufaidi upepo, yeye alikanyaga chini na kuikokota baiskeli taratibu mpaka bondeni. Nilipomwuliza sababu alisema breki zake haziaminiki. Breki zenyewe alizifunga yeye, na yeye ndiye fundi ambaye watu kutoka Maswa mpaka Busega walimfungia safari wakiharibikiwa na mashine.

Nilikuwa mpangaji wake kwa miaka mingi. Mimi ni muuguzi, kwetu Morogoro, na nililetwa Simiyu na barua ya ajira nikiapa moyoni kwamba mwaka hautaisha kabla sijaomba uhamisho. Ikaisha mingi. Nilikodi chumba na sebule kwenye kiwanja chake, nikamkuta mjane, mwembamba, mwenye viganja vipana visivyolingana na mwili. Jina analo na ukoo anao, ila mtaani hakuna aliyehangaika navyo. Alikuwa Fundi kwa watoto, Fundi kwa mwenyekiti wa mtaa, na Fundi kwa marehemu mkewe pia, hata siku walipogombana, kama alivyonihadithia mwenyewe.

Alikuwa mpole kupita kiasi, na upole wa namna hiyo huwa unanitia shaka. Kuku wa jirani wakivamia mtama wake aliwasubiri washibe. Mtu akimkosea, yeye ndiye aliyetangulia kuomba radhi, na wapo walioijua tabia hiyo wakaitumia. Mimi mwenyewe niliwahi kumvunjia kioo cha dirisha nikihamisha kabati, na jioni alikuja kunitaka radhi kwamba kioo kile kilikuwa chembamba. Nilicheka sana. Ilinichukua muda kuelewa kwamba mzee yule alizoea kuwa na hatia hata pasipokuwa na kesi.

Sasa mtu huyo huyo, Jumapili akitoka kanisani, ukimwuliza swali moja tu kuhusu magari ya zamani ya mashindano, alibadilika mbele ya macho yako. Mgongo ulinyooka. Mikono ilitoka mapajani ikashika usukani usiokuwepo. Ujanani alikuwa fundi wa jineri, yaani kiwanda cha kuchambua pamba, enzi ambazo Bariadi ilikuwa bado chini ya Shinyanga na barabara zote ni vumbi, na mtoto wa mwenye jineri, ambaye Fundi alimwita Bosi Kijana, alikuwa na kichaa cha rali. Aliagiza kupitia Nairobi gari lililokwisha kukimbizwa Ulaya, jeupe, fupi, limetuna mabega, lenye tabo, kile kifaa kinachoisukumia injini hewa. Watu wa jineri walilibatiza Dume, na Fundi akapelekwa Nairobi kulisomea.

Nililijua Dume kuliko ninavyowajua baadhi ya shemeji zangu. Fundi hakulisema kama chombo, alilisema kama mnyama wa zizini. "Gari la siku hizi linakuomba ruhusa," alikuwa akiniambia. "Yule hakuomba." Kisha angeeleza: unakanyaga mafuta, kimya. Unadhani amekataa, unaanza hata kumtukana. Halafu tabo inajaa pumzi na nguvu yote inakuja kwa mkupuo mmoja, kama ng'ombe waliofunguliwa boma, na wewe mgongo umeganda kwenye kiti na machozi yanakutoka bila huzuni. Bodi lake lilikuwa jepesi kama sanduku la chai, na tangi la mafuta lilikaa karibu na makalio ya dereva. Akiachia mafuta alitema moto nyuma. Kwenye kona ya changarawe alikwenda ubavu, pua inatazama shamba la mtu, na bado akatokea barabarani.

Huko Ulaya magari ya aina ile yaliua madereva, yakaua na watazamaji, mpaka wakubwa wa mchezo wakayapiga marufuku. Fundi alikubali kwamba walifanya vyema. "Yalipigwa marufuku kama bangi," alisema, "na kama bangi, aliyeonja anajua alichonyang'anywa." Dume mwenyewe aliishia kukatwakatwa akauzwa chuma chakavu. Fundi alibakiwa na kiti kimoja, ambacho alikipigilia miguu ya mbao na kukiweka barazani kwa ajili ya wageni. Yeye hakukikalia, alikaa kwenye kigoda.

Akishasema lile neno la bangi alicheka, halafu cheko lilikatika. Hapo nilijua Jumapili imekwisha. Chai ikiletwa aliinywa bila sukari, mtu ambaye siku nyingine alitia sukari mpaka kijiko kikawa kinasimama. Mwanzoni nilidhani ni kisukari, nikamshauri aje apime. Akaniambia damu yake haina shida. "Leo nimefurahi sana, mwanangu. Basi chai niinywe hivyo hivyo." Ilikuwa faini. Hakimu yeye, mshitakiwa yeye, na alijihukumu kila wiki bila kukata rufaa.

Alikuwa na misemo yake, na mingi ilinuka oili. Breki ni adabu. Spidi haina shemeji. Huu wa pili aliwapa vijana wa bodaboda waliokuja kutaka awatoboe ekzosi na kuwaongezea pikipiki mbio. Aliwakatalia wote, hata yule aliyeletwa na mchungaji kwa mkono wake. Lakini kukataa kwa mdomo huku masikio yamekubali ni kazi bure. Pikipiki ikipita nje katikati ya sala ya chakula, alinyanyua kidole, akasikiliza, akasema mnyororo wa huyo umelegea, ila injini, ah, injini ina afya. Uso wake wakati huo ungedhani ameletewa habari za mtoto aliyefaulu mtihani.

Kuna kipindi alijisahau akawasimulia vijana wa kijiweni habari za Dume, kwa mikono na milio yote. Haikupita muda mrefu mmoja wao akaletwa wodini kwetu na mfupa wa paja umetokeza nje. Alijaribu kukata kona ubavu kwenye changarawe. Kijana alipona, ingawa mpaka leo anachechemea, na siku zote alizolazwa Fundi alimpelekea uji kwenye chupa ya chai, ndugu za mgonjwa wakadhani ni mtu wa kanisa anayetafuta waumini. Tangu hapo hakuwasimulia tena vijana. Alinisimulia mimi peke yangu, kwa kuwa mimi sina leseni na naogopa hata lifti ya pikipiki. Kwangu, alisema, hadithi inaishia masikioni.

Gari la wagonjwa la hospitali yetu likizingua aliitwa yeye. Alilala chini yake, akalitengeneza, akaliwasha na kulisikiliza, kisha akampa dereva funguo. Kulijaribu barabarani alikataa kila mara. Isipokuwa siku moja, mama mmoja alikuwa anavuja damu baada ya kujifungua kwenye zahanati upande wa Sola, dereva wetu hoi kitandani na malaria, na Fundi ndiye mtu mzima pekee pale uani aliyejua gari lile. Tulimbembeleza. Aliingia kama mtu anayeingia mahakamani. Kwenda aliendesha kawaida. Kurudi, mimi nikiwa nyuma nimeshika dripu na mama anazidi kupauka, nilisikia injini inabadilika sauti, na gari likaacha kurushwa na mashimo. Sijui alifanyaje. Mashimo yalikuwepo, niliyaona dirishani, lakini hatukuyasikia. Kuna kona moja kabla ya mjini ambayo nilifumba macho, na nilipofumbua ilikuwa nyuma yetu na dripu haijatikisika. Mama alipona. Nilimkuta Fundi amekaa kwenye ngazi za hospitali, nikadhani anataka kuuliza hali ya mgonjwa. Akasema, "Ile kona sikupaswa kuifurahia."

Hapo na mimi naingia kwenye kesi, maana niliifurahia pia, macho yamefumba. Wiki nzima nilikuwa nafunga mifupa ya watu na kuwagombeza kwamba mwendo unaua. Jumapili nakaa kwenye kiti cha Dume, nasema, Fundi, hebu rudia pale mlipovuka mto na Dume. Nilikuwa napenda. Sina namna nyingine ya kulisema. Kazi yangu ni ya kuinua taratibu, kugeuza taratibu, kusubiri mfupa uunge, na kuna sehemu ya moyo wangu iliyochoka kusubiri. Niliona uso wake unavyoanguka mwishoni, niliiona ile chai, na Jumapili iliyofuata niliuliza tena. Kikombe changu kilikuwa na sukari.

Nilijua pia sababu yake. Alinieleza mara moja tu, mchana mmoja wa mvua, bila mimi kumwuliza.

Rali ilipita Dutwa msimu wa kuuza pamba, wakati watu wana nafasi na ngoma zimeanza. Asiyewajua Wasukuma aelewe kwamba huku ngoma ni ushindani. Vyama viwili vinasimama kwenye uwanja mmoja, kila kimoja na manju wake, yaani mwimbishaji, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Magari yalipangiwa kupita Dutwa mara mbili, asubuhi na mchana, na asubuhi vijana wa vyama vile wakabuni mchezo. Mlio ulisikika kwanza nyuma ya kilima, ndipo gari likatokea. Basi kila upande ukaweka mtu wake katikati ya barabara. Mlio ukisikika wanaanza kuimba ubeti, na mtu haruki pembeni mpaka ubeti uishe. Asubuhi ulitosha. Ubeti uliisha, wakaruka, Dume akapita, watu wakashangilia, wakasema ni sare na mchana itajulikana nani mwanaume. Fundi aliniambia kwamba enzi zile watazamaji walicheza na magari kila mahali, ila watu wa kupima gari kwa wimbo hajawahi kuwasikia pengine.

Kati ya mara ya kwanza na ya pili, Dume alisimama penye maghala ya pamba, hapo hapo Dutwa, ili mafundi wamtazame. Bosi Kijana, aliyeendesha mwenyewe, alikuwa nyuma ya wenzake. Alimwomba Fundi amwongezee nguvu. Kwenye tabo kulikuwa na skrubu moja, ukiikaza pumzi inaongezeka, na Nairobi Fundi alikuwa ameonywa asiiguse. Aliikaza kidogo. Hakulazimishwa, alinisisitizia hilo mara nyingi. Alitaka mwenyewe kusikia Dume atasemaje.

Mchana, amesimama pale na spana mkononi, alisikia mlio nyuma ya kilima na wimbo ukaanza.

"Kwanza nilifurahi, nesi," aliniambia. "Hilo ndilo baya lenyewe. Nilisikia anakuja vizuri, hajawahi kuja vizuri namna ile. Nikafurahi. Halafu nikasikia wimbo bado uko katikati."

Wa upande mmoja aliuacha wimbo akaruka. Wa upande wa pili alikuwa manju mwenyewe, na manju hakatishi ubeti wake mbele ya watu. Baadaye jineri ilipeleka ng'ombe na sanda, wazee wakakaa, na Bosi Kijana akapelekwa nje ya nchi wala hakurudi. Iliandikwa kwamba watazamaji walikuwa barabarani, jambo ambalo ni kweli. Skrubu hakuna aliyeiuliza. Jioni ile ile Fundi aliilegeza ikarudi mahali pake, akanyamaza.

Tangu hapo hakukanyaga Dutwa. Dutwa ipo kwenye njia ya Lamadi, njia ya kila mtu wa Bariadi anayekwenda Mwanza. Yeye Mwanza alikwenda kwa kuzungukia Maswa na Shinyanga, safari ya kuchosha isiyo na kichwa wala miguu, mpaka mtaani wakaamini ana mke mdogo Shinyanga. Aliwaacha waamini. Akiitwa kutengeneza mashine ya kusaga upande ule, mgongo ulianza kumuuma. Mkewe alipokuwa hai alikwenda mwenyewe Lamadi kufuata samaki na dagaa. Nilimshauri, kwa sauti yangu ile ya wodini, aende akamtafute mzazi wa yule manju amwombe radhi. Alitikisa kichwa. Alisema akifungua mdomo kuhusu siku ile, neno la kwanza litakalotoka ni kwamba gari lilikuwa zuri, na hakutaka mama wa watu amwone mtu aliyefurahi. Kwake yeye kukaa mbali ndiyo ilikuwa adabu. Nami nilimkubalia, tena nikamheshimu kwa hilo.

Katika miezi yangu ya mwisho Bariadi, wakati barua ya uhamisho ilikwisha fika, aliletwa wodini bibi mmoja aliyeteleza kisimani akavunjika nyonga. Alitoka Dutwa. Alikuwa mkali na mcheshi kwa pamoja, wanafunzi wetu walimwogopa na kumpenda. Siku moja mtoto wa mgonjwa mwingine alikuwa akichezea gurudumu la toroli la dawa, na binti mmoja wa Dutwa aliyekuja kuuguza kitanda cha jirani akamkemea: "We, acha umaduhu." Watu wawili watatu wakacheka. Bibi aligeuzia uso ukutani, na nyonga ile ilivyokuwa, kugeuka kulimgharimu.

Nilimwuliza yule binti pembeni, umaduhu ni nini. Akasema ni msemo tu wa kwao. Mtu akifanya ujinga wa makusudi anaambiwa ni Maduhu, kwa sababu zamani kulikuwa na mtu wa jina hilo aliyelisimamia gari linakuja analiona. Hakujua zaidi. Aliukuta msemo, kama alivyoikuta barabara.

Bibi alinieleza mwenyewe nilipokuwa nambadilishia shuka. Maduhu alikuwa mwanawe wa kwanza. Siku ile yeye alikuwa shambani anachuma pamba ya mwisho, hakuliona gari, hakuona chochote, alisikia kelele tu. Walimwambia mtoto wake amekufa kwa ujinga. Hata chama chake cha ngoma kiliziacha nyimbo zake, hakuna manju aliyezichukua, maana nani ataimba nyimbo za mtu ambaye wenzake waliruka yeye akabaki. Wadogo zake walikua na jina lile likiwafuata kila wakikosea hesabu shuleni. "Mimi nilizaa mtoto mwenye akili," aliniambia. "Huyo mjinga wao sijui walimtoa wapi."

Nilinyoosha shuka, nikaichomeka chini ya godoro. Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Nilijua kwamba wimbo wa mwanawe ulipimwa sawasawa na kwamba kilichobadilika ni gari, na nikajiambia kwamba siri si yangu, kwamba nesi habebi maneno kutoka kitanda kwenda kitanda. Yote hayo ni kweli, na yote nilijificha nyuma yake. Jumapili ilipofika nilikaa barazani kwenye kile kiti, na Fundi akanyoosha mgongo, na sijui ni nini kilinipata, nikamwuliza habari za kona. Alisimulia vizuri kuliko siku zote. Nilimsikiliza nikijua kwamba kwa bei ya starehe yangu kuna mwanamke amelala mwendo wa baiskeli kutoka pale, hajui kama alimzaa mjinga. Nilijichukia. Chai ilipoletwa niliiacha ikapoa.

Kesho yake nilimwuliza bibi kwanza. Nilimwambia namfahamu mtu aliyekuwa na gari lile siku ile, hakuwa dereva, na kama anataka kumwona nitamwita, na kama hataki sitalitaja tena. Alivuta shuka mpaka kifuani. Kisha akasema alete miguu yake.

Jioni nikamwambia Fundi. Nilimweleza kuhusu bibi, akaipokea habari kwa kuinamisha kichwa, kama mtu ambaye amekuwa akisubiri polisi na sasa wamebisha hodi. Lakini nilipomweleza kuhusu neno lile, umaduhu, alininyanyulia macho. Hakuwa analijua. Alinitaka nilirudie, nikalirudia. Tangu ujana wake alikuwa ameizunguka Dutwa kwa Maswa na Shinyanga, na neno lililokuwa midomoni mwa watoto wa kule halikuwahi kumfikia. "Wanamwita mjinga?" aliniuliza. Nikamwambia siyo yeye tu, kila mjinga wanamwita yeye. Aliingia ndani na taa hakuiwasha.

Alikuja saa ya kuona wagonjwa, amevaa koti lake la kanisani. Nilivuta pazia la kitanda nikabaki pale, kwa sababu bibi alinishika mkono.

"Mwadila, mayu," Fundi alisema, kwa salamu ya kwao ya mchana, akimwita mama.

"Mwadila." Bibi alimtazama kuanzia viatu. "Wewe ulikuwa unafanya kazi gani kwenye hilo gari?"

"Nilikuwa fundi wake."

"Haya. Mimi sikuliona. Nataka uniambie lilikuwaje."

Fundi alinitazama mimi, na nilijua anachokiogopa. Nilimwona akitafuta neno lingine, baya, la kulitupia lile gari, na hakulipata.

"Lilikuwa zuri, mayu," alisema, na machozi yakamtoka. "Sijaona kitu kizuri kama kile."

"Zuri la kumfanya mtu asimame?"

"La kumfanya mtu asimame."

Kisha akasema yote. Alisema la asubuhi, jinsi ubeti ulivyotosha na vijana wakaruka salama. Alisema la skrubu na la Nairobi alikokatazwa. Hakumtupia Bosi Kijana hata neno moja. Alisema alipousikia mlio alifurahi kwanza. "Mwanao alipima vizuri," alimwambia. "Wimbo wake ulikuwa sawasawa na gari alilolisikia asubuhi. Mimi nikalibadilisha gari, yeye hakuambiwa. Hakukosea kitu, mayu. Angekuwa mwingine yeyote aliyepima kwa akili, angebaki pale pale."

Bibi alimwambia arudie hapo kwenye kupima. Akarudia. Akamwambia arudie tena, taratibu, na Fundi akarudia taratibu, kama anavyosomewa mtu anayetaka kukariri. Mkono wa bibi kwenye wangu ulikuwa unabana, kisha ukaacha kubana.

"Kumbe mwanangu mwenye akili alikuwa kwako," alisema. "Miaka yote hii umekaa naye wewe. Mimi wakaniachia mjinga."

Sijawahi kusikia mtu akihukumiwa kwa sauti ya chini namna ile, na nilijua kwamba sehemu ya hukumu ilikuwa yangu. Fundi alianza kupiga magoti, koti la kanisani na yote, pale kwenye sakafu yenye dawa. Bibi alimzuia kwa kiganja.

"Inuka. Humu wodini hakuna aliyemtukana mwanangu. Waliomtukana wako Dutwa. Kawaambie wao, kwa mdomo huo huo, na hilo la kwamba lilikuwa zuri usiliache. Ukishamaliza kule ndipo urudi uniombe hicho ulichokuja kuniomba."

Alisema hivyo akafumba macho, akaniachia mkono. Nilimsindikiza Fundi nje. Tulipita mapokezi na vijana wa bodaboda waliokuwa wakisubiri abiria langoni, hakuwatazama, hakuinua kidole kusikiliza chochote. Kule barabarani alisimama akafunga vifungo vya koti kimoja kimoja. Halafu akanigeukia, mzee aliyeishi Bariadi maisha yake yote, akaniuliza magari ya Dutwa yanapakilia wapi.